Mtoto Aliyekuja na Mafuta Yake

Mzee Bisimwa huonja sabuni. Ikishalala juu ya mbao mpaka ikawa ngumu, anavunja kijipande pembeni na kukigusa kwa ncha ya ulimi. Ikimchoma kama nyuki, bado ina ukali, anairudisha kivulini. Ikinyamaza, anashika waya na kuanza kukata miche. Watu wa Namuwongo wanaopita kando ya reli wamemzoea. Wageni ndio husimama.

"Mzee, njaa imefikia hapo?"

"Imefikia," anajibu, na waya unaendelea kukata.

Hana maneno mengi. Mkewe, Victoire, ndiye aliyekuwa na maneno ya wote wawili. Tangu walipomzika, wakati wa mvua za mwaka jana, nyumba yao ya Kisugu imetulia hata asubuhi unasikia mabati yakijinyoosha jua likiyapata.

Si kwamba mzee anakaa peke yake. Mwanawe Guerschom, fundi wa umeme, ana vyumba viwili upande wa pili wa ua, yeye na mkewe Nafuna. Nafuna ni Mbukusu wa Kenya, mshonaji, binti wa heshima. Lakini mkwe ni mkwe. Kwao Bisimwa, karibu na Bukavu, baba mkwe haingii chumba cha mke wa mwanawe. Kwao Nafuna ni hivyohivyo, na kamba imekazwa zaidi. Basi wawili hawa walipendana kwa mbali. Nafuna aliweka sahani juu ya kigoda, akaifunika, akasema, "Baba, chakula," na kabla mzee hajanyanyua kifuniko alikuwa ameshaondoka. Zamani Victoire ndiye aliyekuwa akipita katikati, akibeba maneno ya huku kwenda kule, na mengine akiyaongeza chumvi njiani.

Kazi ya sabuni mzee aliianza akiwa kijana, huko kwao. Unayeyusha mawese, unatia soda kali, unakoroga mpaka mkono ukatae. Kinachotoka hapo kina kazi moja tu: kushika mafuta na kuondoka nayo. Shati likiwa na mafuta, yanaondoka. Sufuria ikiwa na mafuta, yanaondoka. Na mkono unaofua, nao mafuta yake yanaondoka, kwa sababu sabuni haina macho ya kuchagua. Mikono ya Bisimwa ilikuwa imepasuka kwenye vidole gumba kama tope la kiangazi. Jioni, kazi ikiisha, alikuwa na mazoea ya kupitisha vidole kando ya pua na juu ya paji la uso, kisha anasugua pale palipopasuka. Victoire alikuwa akimcheka.

"Papa Guerschom, unajipaka uso wako mikononi!"

Lakini Victoire huyohuyo ndiye aliyemfundisha kuzidisha mawese kidogo kila anapopika, soda isije ikayala yote. Alisema mtu akitoka kuoga abaki na ngozi yake. Ndiyo maana miche ya Bisimwa haikuwa na povu la kujionyesha, lakini aliyewahi kuinunua alirudi.

Mimba ya Nafuna ilipokuwa kubwa, mzee alianza kukosa usingizi. Kwa desturi yao, mama wa baba ndiye anayemwogesha mjukuu maji ya kwanza. Sasa asiyekuwapo na lake halipo. Maji hayo yangekuwa ya nani? Alilibeba swali hilo miezi yote na hakumwambia mtu.

Mtoto akaja kabla ya siku zake, Ijumaa jioni, kwenye zahanati ndogo njia ya kupanda Kibuli. Mtoto wa kiume. Guerschom alikuwa ameshamchagulia jina, Ulrich, alilolipenda tangu akiwa shule. Asubuhi mzee akapanda kilima kwa miguu, koti la kanisani mwilini, akakaa kwenye benchi nje ya mlango. Haingii ndani, mkwe yuko humo.

Nesi akamletea mtoto nje. Alikuwa mama wa makamo, mtandio mweupe kichwani, anaitwa Zulaika.

"Mzee, shika mtu wako."

Bisimwa akafunua nguo kidogo. Mtoto alikuwa mdogo, kama mkate wa nusu. Na alikuwa amepakwa kitu. Kitu cheupe, kizito, kwenye nyusi, nyuma ya masikio, mikunjo ya shingo yote imejaa, kama siagi iliyopakwa na mtu mwenye haraka.

"Hamjamwogesha?"

"Na hatumwogeshi. Mpaka kesho. Na kesho ni maji ya uvuguvugu tu, sabuni hapana."

"Sabuni hapana," mzee akarudia, taratibu, kama mtu aliyeambiwa duka lake limefungwa.

Zulaika aliijua kazi ya mzee, akacheka. "Pole, mzee wa sabuni. Wateja wengine wapo. Huyu mwache kwanza. Hii si uchafu. Ni mafuta ya ngozi yake mwenyewe, ameyatengeneza akiwa tumboni. Wewe ukikaa ndani ya maji siku nzima unakuwaje?"

"Nakunjamana."

"Yeye amekaa humo miezi. Haya ndiyo yaliyomlinda. Na sasa bado yana kazi: ngozi isikauke, vijidudu visipate pa kuingilia. Amekuja mapema, ni mdogo, baridi ndiyo adui yake. Ukimlowesha leo na kumsugua, atapoa. Na akipoa huyu, mzee, tunakutana tena hapa, na sitakuwa nacheka."

Bisimwa akaitikia kwa kichwa. Kisha, bila kujua kwa nini, akanyoosha kiganja chake chenye nyufa mbele ya nesi.

"Hicho?" Zulaika akakitazama. "Kiganja hakitoi mafuta. Uso unatoa, kichwa kinatoa, mgongo unatoa, kila siku, kwenye mashina ya vinyweleo. Kiganja na wayo havina. Vinapata kwa kugusa kwingine."

Mzee akakigeuza kiganja, akakigeuza tena. Miaka yote ile kando ya pua! Kumbe mwili ulikuwa unajua. Alitamani kumwambia mtu mmoja, na mtu huyo hayupo. Akamfunika mtoto.

Mchana wakarudi Kisugu. Mvua ilikuwa imenyesha, ua umelowa, hewa inauma masikio. Namalwa alikuwa ameshafika. Huyu ni shangazi yake Nafuna, dada wa baba yake, senge kwa lugha yao, anauza dagaa huko Namuwongo, na sauti yake ni ya mtu anayeuza dagaa. Mzee alibaki uani, chini ya paa la jikoni. Alisikia vigelegele chumbani. Kisha akasikia vigelegele vikikatika.

"Uuwi! Nafuna! Hii nini?"

"Senge, nesi alisema..."

"Nesi! Nesi ndiye atakayekaa na kina mama wa kanisa saa kumi? Guerschom! Weka maji jikoni!"

Jambo lenyewe lilikuwa hili, na hapo uani hakuna asiyelijua. Watu husema mtoto akizaliwa na weupe ule, wazazi wake hawakuwa na subira. Mume hakumwacha mke apumzike miezi ya mwisho. Weupe ndio ushahidi. Na kina mama wa kanisa la Wakongomani walikuwa wanakuja alasiri kumwona mtoto, wakiongozwa na Mama Reine, ambaye akisikia jambo Kisugu, Namuwongo wanalijua kabla hajafunga mlango.

Namalwa akatoka uani na sufuria, akaiweka juu ya makaa mwenyewe.

"Mkwe, samahani kwa kelele. Lakini Nafuna ni mtoto wa kaka yangu. Hao wanaokuja ni watu wa kwenu. Watasema Mkenya hana adabu. Namsugua mtoto, anang'aa, wanakuja, wanakunywa chai, wanaondoka."

"Nesi amesema kesho," Bisimwa akasema.

"Kesho aibu imeshalala hapa na kuamka."

"Ni mdogo. Atapoa."

"Mimi nimeogesha watoto wote wa kwetu, hakuna aliyepoa. Guerschom, sema wewe."

Guerschom alitazama viatu vyake. Mwanaume angesema nini, mbele ya shangazi wa mkewe, juu ya jambo kama hilo? Na sauti ya Nafuna ikatoka chumbani, imelowa machozi: "Senge, mwogeshe tu. Yaishe."

Hapo mzee akaona jambo limeshika njia yake. Hakuna aliyebaki upande wa mtoto. Maji yalianza kuimba kwenye sufuria. Akapiga moyo konde, akamwendea Namalwa, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Gusa."

Namalwa akagusa, akarudisha vidole upesi. "Mungu wangu. Mkwe, umekuwa mamba!"

"Hiyo ni ngozi bila mafuta yake. Inauma ukiinua kikombe. Sabuni ndiyo imefanya. Sabuni yangu."

"Basi nitampaka mafuta mengine, ya dukani. Nimeyaleta, yananukia."

"Ya dukani yatangoja. Haya amekuja nayo."

Namalwa akautazama mlango wa chumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto wa kaka yake anayelia ndani, na saa inakwenda.

"Na hao kina mama?"

"Nitakaa nao."

"Wewe? Utawaambia nini? Wewe salamu yenyewe unaitoa kama dawa, kijiko kimoja!" Akashika kiuno. "Haya. Maji yanabaki hapa motoni. Wakimcheka binti yetu hata mara moja, naingia ndani na namwogesha. Umesikia?"

"Nimesikia."

Wakaja. Wanawake wa kanisa wenye vitenge vya kuendana, wamebeba sukari, majani ya chai na, kama ilivyo desturi kwa aliyejifungua, miche ya sabuni.

"Papa Guerschom, tumemletea mtu wa sabuni sabuni! Utusamehe, hii ni ya kiwandani."

"Itafulia," mzee akasema. Wakacheka, wakakaa kwenye mikeka barazani. Naye akakaa papo hapo, kwenye kigoda, jambo ambalo hawakulitarajia, kwa sababu mwanaume hapo hakai. Huchukua salamu na kupotea.

Namalwa akamleta mtoto amefunikwa mpaka puani. Akampakatisha Mama Reine. Na Mama Reine, kwa vidole vyake vya haraka, akafunua.

Vichwa vyote vikainama kumtazama.

"Eee," Mama Reine akasema. "Mi naona nini hapa? Huyu ameoga uji?"

Mmoja akaziba mdomo kwa kitenge. Mwingine akainama kana kwamba anatafuta kiatu. Na wa tatu, mdogo wao, akashindwa: "Banange! Guerschom, kumbe ulikuwa unapeleka chakula mpaka siku ya mwisho!"

Kicheko kikapasuka. Ndani ya chumba kitanda kililia, Nafuna amegeukia ukuta. Namalwa akainuka na kunyoosha mikono amchukue mtoto, na macho yake yalikuwa kwenye sufuria.

"Mama Reine," Bisimwa akasema.

Alisema kwa sauti ambayo haikuwa imetumika tangu mazishini. Wote wakageuka.

"Papa."

"Baba yake alizaliwa hivyohivyo."

"Guerschom?"

"Alikuwa mweupe kuliko huyu. Mpaka ndani ya masikio."

Ukweli ni kwamba hakujua. Guerschom alipozaliwa, Bisimwa alikuwa amekwenda kutafuta mawese mbali, akarudi kukuta mtoto ameshaoga na ameshanenepa. Alisema tu. Akamwambia Victoire moyoni: mama, leo unisamehe.

Kina mama wakatazamana. Lilichukua muda kuwafikia. Kisha Mama Reine akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Papa Guerschom! Weye! Na Mama Guerschom! Yule aliyekuwa anatufundisha ndoa kanisani? Aliyetuambia, kwa kidole hivi, kwamba miezi ya mwisho mwanaume alale kwenye mkeka?"

Mzee akatazama chini. Masikio yalimwaka moto. Mkwe wake alikuwa nyuma ya pazia, anasikia kila neno, na maneno ya namna hii baba mkwe hayatamki hata akiwa na homa. Lakini mtoto alikuwa kwenye mapaja ya Mama Reine, na mikunjo yake yote ilikuwa bado imejaa.

"Nililala kwenye mkeka," akasema.

Wakangoja.

"Mkeka ulikuwa mpana."

Mama Reine alipiga yowe. Akampitishia Namalwa mtoto kwa sababu mikono ilimwisha nguvu, akajilaza ubavu, anapiga sakafu. Wengine walishikana mabega. Mdogo wao alitoka nje kabisa, akarudi, akasema, "Mpana!" na akatoka tena. Guerschom alikimbilia upande wa choo. Na nyuma ya pazia mzee akasikia sauti nyingine, nyembamba, inajizuia, inashindwa. Nafuna alikuwa anacheka. Mzee akageuza uso kwa heshima, akatazama ng'ambo, msikiti wa Kibuli ukiwa umeoshwa na mvua.

"Sasa mimi niseme nini," Mama Reine alisema alipopata pumzi, anajifuta macho. "Reine wangu alikuwa nayo mgongoni. Mama mkwe alimsugua kabla mtu hajaona."

"Wangu kwenye mapaja," akasema mwingine.

"Wangu wote wawili. Niliambiwa ni kwa sababu ya maparachichi."

"Maparachichi! Hayo yalikuwa na ndevu?"

Ikaonekana kwamba barazani pale hakuna nyumba ambamo mkeka ulitumika. Namalwa alisikiliza, mtoto kifuani, midomo inacheza. Alijitahidi sana abaki na hasira, na haikuwezekana. "Kwetu," akasema mwishowe, "kuna shangazi mmoja, simtaji, alisugua mtoto wake kwa mchanga laini." Wakamtazama. "Nimesema simtaji!"

Basi mazungumzo yakahama, yakaenda kwa Victoire. Mmoja alikumbuka alivyokuwa akikemea kwaya huku yeye mwenyewe akiimba nje ya sauti. Mwingine alikumbuka siku alipomfukuza mwizi wa kuku kwa mwiko, kisha akampa ugali kwa sababu alikuwa mwembamba. Tangu azikwe, watu walikuwa wakilitaja jina lake mbele ya mzee kwa sauti ya chini, kama wanapita karibu na mgonjwa. Leo walilipigia kelele. Bisimwa aliwaza kwamba Victoire angemnunia siku nzima kwa kumvunjia jina kanisani, na usiku angegeukia ukuta, na mabega yangeanza kutikisika, naye angejua kwamba anacheka. Machozi yakamtoka. Hakuyafuta, na hakuna aliyeyashangaa, kwa kuwa wote walikuwa na macho yaliyolowa.

Namalwa akamrudisha mtoto kwa mama yake, amlaze ngozi kwa ngozi kama nesi alivyosema. Kisha akaenda kwenye sufuria, maji yanatokota. Akayatazama. Akafungua majani ya chai waliyoleta wageni, akayamimina humo.

"Mkwe, sukari ngapi?"

"Nyingi," mzee akasema.

Usiku huo Ulrich alilala na joto lake. Jumapili jua likatoka mapema, baraza likakauka. Namalwa akaleta beseni, akapima maji kwa kiwiko, akamwita mzee.

"Haya ni maji ya upande wenu. Nafanya kwa niaba ya Mama Guerschom, siwaibii. Kaa hapo uone."

Bisimwa akakaa. Weupe ulikuwa umeingia ndani ya ngozi, usoni hata usingejua ulikuwapo. Namalwa alimpitishia maji kwa kiganja, polepole, bila kusugua, na sauti yake ya dagaa ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa.

"Ulrich, Ulrich. Jina la kuuma ulimi. Mkwe, mguse hapa mgongoni. Guso moja tu, na hiyo mikono yako ya mamba."

Mzee akagusa kwa nyuma ya kidole, palipo laini. Akakiacha kidole pale.

"Hata halii," Namalwa akasema. "Wangu walikuwa wanalia mpaka barabarani. Shingoni ile nyeupe bado ipo kidogo."

"Iache."

"Nimeshaiacha. Unadhani jana sikuwa na masikio?" Akamwinua mtoto kutoka majini, akamfunga kitambaa. Naye mtoto, akiwa ametulia hivyo, akamkojolea shangazi mkono mzima hadi kiwikoni.